Malengelenge ya Baiskeli ya Katekista

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia, lakini mwalimu wenu wa chuo ameniambia mtasoma haya mkiwa mmekaa na simu mkononi, na mtu aliyeshika simu husahau shikamoo. Nimeitikia mapema tusije tukakosana kabla ya kuanza.

Mwalimu huyo alinijia nyumbani Kasulo, huku Ngara, na daftari jipya na kalamu mbili. Akasema, "Mama Skola, waandikie vijana wa ufundi maneno ya kuwatia moyo." Nikamwuliza kama amewahi kusikia nimemtia mtu moyo. Akacheka, akadhani natania. Nilikuwa fundi wa rangi ya baiskeli pale Biharamulo mjini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zikawa za kijivu kama praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na miaka yote hiyo nilichowatia watu ni hasira. Anayetaka kutiwa moyo aende kwaya. Mimi nitawaeleza habari za baiskeli mpya inayovimba rangi, hasa ile ya kukunja, na nitawaeleza jinsi baiskeli moja ya namna hiyo ilivyokaribia kuvunja posa ya watu.

Kwanza mjue magonjwa, maana nimepita hapo chuoni nikaona mnaita kila kitu "rangi imegoma." Rangi haigomi. Unayegoma ni wewe, umegoma kusugua. Ukiona vipele vidogo vigumu, hizo tunaziita chunusi, ni vumbi lililotua rangi ikiwa mbichi kwa sababu ulipaka kando ya barabara wakati lori linapita. Ukiona rangi imetiririka ikakauka njiani, hayo ni machozi, umejaza brashi kama mtu anayepaka mkate siagi kwenye nyumba ya watu. Ukiona uso wa rangi una vishimo vishimo, hiyo ni ngozi ya chungwa, rangi ilikuwa nzito na jua lilikuwa kali nawe ulikuwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira. Halafu kuna malengelenge. Hayo ndiyo mabaya. Malengelenge maana yake kuna kitu chini ya rangi kinachotaka kutoka, ama maji, ama grisi, ama kutu, ama jasho la vidole vyako mwenyewe.

Lengelenge usilipasue kwa hasira. Chukua pini, toboa pembeni, bonyeza taratibu. Likitoka tone la maji, unyevu uliingia. Kukiwa na unga mwekundu, kutu ilikuwapo kabla yako. Kukiwa na utelezi, hukufuta grisi. Na ukikuta rangi nyingine chini, au puti ya kuzibia mabonde, basi baiskeli hiyo si mpya hata kama mwenyewe ataapa mbele ya altare.

Kipo na kipimo cha tina, ile ya kuzimulia rangi, na hiki kiandikeni. Lowesha kitambaa cheupe kwa tina, sugua rangi mahali pamoja ukihesabu hadi thelathini. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, haiogopi tina, kitambaa kitatoka cheupe. Rangi ya fundi wa mtaani imekaushwa na upepo tu. Itajikunja, italainika, na kitambaa kitapakaa rangi. Kipimo hicho hakikosei, ila mwenye kukishika ndiye anayeweza kukosa.

Hayo yote alinifundisha Mzee Nestori. Alikuwa Mrundi, mkimbizi, na karakana yake ilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti minne kule Lukole, wakati kambi ilipokuwa kubwa kuliko mji wowote niliowahi kuuona. Mimi nilikuwa nakwenda kuuza ndizi. Siku moja nilisimama kumwangalia anavyosugua madigadi kwa msasa, nikasema kwa sauti kwamba kazi ile hata mtoto anaweza. Hakukasirika. Alinipa msasa na madigadi ya upande wa pili, akaniambia nisugue mpaka aseme basi. Alisema basi siku ya tatu. Ndizi zangu ziliiva, zikaoza, na mama yangu alinipokea kwa ufagio.

"Langi haina akili, mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu. "Inafuata tu kilicho chini yake."

Alikuwa ananifunga macho kwa kanga yangu, ananiambia nipitishe mgongo wa mkono juu ya chuma nitafute palipo na kasoro. Mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja cha mkulima kimeota sugu, kinaona kila kitu laini. Nikikosea ananiambia "buhoro," yaani taratibu, halafu ananirudisha mwanzo. Nilimchukia kwa miezi miwili. Baadaye nilimpenda kuliko nilivyowapenda wajomba zangu, na aliporudi kwao nililia njia nzima kutoka kambini, nikiwa nimebeba msasa wake mfukoni.

Msidhani baada ya hapo nilikuwa malaika. Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa baiskeli ya mpishi wa mapadre. Niliipaka nyeusi, ikang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Nikaitundika nje kwa waya ikauke. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likatoka, na kumbikumbi nao wakatoka ardhini kwa maelfu kama wanavyotoka. Walitua wote kwenye fremu. Mpishi alipokuja alikuta baiskeli ina mabawa. Akaniuliza kama hiyo ni staili mpya. Nikamwambia ndiyo. Aliondoka nayo hivyohivyo, na kuku wa misheni waliifuata wiki nzima.

Siku hizo tulipaka kwa brashi. Baadaye nikanunua bomba la kupulizia dawa ya kahawa, nikaliosha mara saba na bado rangi ya kwanza ilitoka na harufu ya dawa. Kisha ikaja kompresa. Ninyi sasa mna makopo ya kubonyeza, mnapuliza kama mnajipulizia manukato, na mkikosea mnaangalia video ya mtu wa nchi ya mbali ambaye hajui hata masika ya Kagera ni kitu gani. Mwambieni huyo wa kwenye video apake chuma siku ambayo hata chumvi jikoni imeyeyuka.

Sasa tufike kwenye ya kukunja.

Palikuwa na mwenye duka mmoja pale mjini. Jina lake silisemi, na duka lenyewe lilishafungwa, mnaweza kuacha kujiuliza. Alikuwa na tumbo la heshima na maneno matamu. Siku moja alileta mbele ya karakana yangu baiskeli sita za kukunja, zile zenye magurudumu madogo na bawaba katikati ya fremu. Zilikuwa zimetumika ng'ambo na watu wa ng'ambo, zikachoka, zikaletwa kwetu zikafufuke. Zote za buluu. Kwenye uma, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, na kule nyuma, rangi ya kiwandani ilikuwa bado nzima, lakini bomba la katikati na sehemu ya bawaba palikuwa na mikwaruzo na mabonde kama paka walipigania humo.

"Mama Skola, zioshe uso tu," alisema. "Zimechoka safari."

"Zimechoka maisha," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akasema neno lililonimaliza. Akasema fundi wa mjini fulani alimwambia kazi hiyo haiwezekani, kwamba buluu ile haiwezi kuigwa bila mashine, na kwamba mtu yeyote mwenye macho ataona palipounganishwa. Basi. Mngeniona. Nilivimba kichwa palepale. Nilichanganya rangi siku mbili, nikaongeza nyeusi kwa tone na nyeupe kwa ncha ya njiti, mpaka nikapata buluu ambayo ukiiweka kando ya ile ya kiwandani hata mzazi wake angechanganyikiwa.

Lakini puti iliniishia katikati ya kazi, mwenye duka alikuwa ananisukuma, na ilikuwa masika. Nikachukua poda ya mjukuu wangu, ile ya kupaka mtoto baada ya kuoga, nikaichanganya na puti iliyobaki ili iongezeke. Ikakubali. Ikasuguliwa laini ajabu. Nikaipaka rangi juu kabla haijakauka vizuri, na kwenye bawaba sikufuta grisi yote, kwa sababu kufuta grisi ndani ya bawaba kunachukua muda na nilikuwa nataka kumwonyesha yule fundi wa mjini fulani. Mwenye duka akabandika stika, akazungushia nailoni, akaziweka mbele ya duka zikiitwa mpya. Nilipita hapo kila siku kuzitazama. Nilizionea fahari, sitawaficha. Hakuna aliyegundua.

Moja ya hizo, ingawa sikujua wakati huo, ilinunuliwa na Onesmo.

Onesmo alikuwa karani wa ofisi moja pale Biharamulo, kijana mwembamba, mkimya, suruali yake imepigwa pasi hata siku za kazi ya mikono. Alikuwa anamposa Devota, binti wa Katekista Filbert, mwalimu wa dini wa huku Kasulo. Katekista alikuwa anazungukia vigango, yale makanisa madogo ya parokia, kwa miguu, na Onesmo akafikiria zawadi ya mkwe ambayo haijawahi kuonekana upande huu. Baiskeli ya kukunja! Mzee akiwa na mkutano parokiani anaikunja, anaipakia kwenye gari, akifika anaikunjua. Kijana alifikiria kila kitu isipokuwa barabara zetu. Magurudumu yale kwenye barabara ya kigango yalikuwa yanazama kwenye mashimo kama kijiko kwenye uji. Watoto walimwita Katekista "mzee wa sarakasi." Yeye hakujali, aliipenda kupita maelezo.

Na kwa kuwa aliipenda, hakuivua nguo. Hapa ndipo nawataka mnisikilize, kwa sababu najua majumbani kwenu. Kochi linakaa na nailoni yake mpaka nailoni inachanika yenyewe. Godoro halivuliwi, mnalala juu ya kelele. Rimoti imefungwa kama ubuyu. Katekista Filbert alikuwa mkuu wa chama hicho. Redio yake ilikuwa kwenye nailoni, kalenda ya parokia kwenye nailoni, na saa ya ukutani ilikuwa kwenye nailoni mpaka mshale ukawa unauonea wivu upepo. Baiskeli ilipofika na nailoni ya dukani, aliongeza yake juu, akaikaza kwa vipande vya tyubu kila shubiri moja. Akaiendesha hivyo masika yote, matope nje, jasho ndani.

Masika yalipokwisha, binti yake alipokuwa anafuta matope, nailoni ikachanika. Chini yake fremu ilikuwa imejaa malengelenge kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kiti.

Onesmo alinifuata karakanani asubuhi, amekunja uso. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Posa yangu, mama. Baba mkwe anasema nimempa mtumba uliopakwa rangi. Anasema nimemtania mbele ya vigango vyote. Siku ya Jumamosi ameita ndugu wa pande zote mbili, na akithibitisha anarudisha vitu vyote. Devota halali, analia. Mama, mimi nilinunua mpya. Risiti hii hapa."

Nilitazama risiti. Jina la duka lilinitazama nami. Nikajitia hamnazo.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Pande zote wamekubali uje wewe. Wanasema kama kuna mtu anayejua rangi wilaya hizi mbili, ni wewe. Utakachosema ndicho kitakuwa."

Ningeweza kumwambia palepale, wajukuu. Ningeweza kusema, kaa chini mwanangu. Badala yake nilijiambia ziliuzwa baiskeli nyingi, pengine hii haikuwa mojawapo ya zile sita. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu ya kumsaidia.

Jumamosi nilifika. Uwanja wa Katekista ulikuwa umefagiliwa, mabenchi mawili yametazamana, upande wa binti na upande wa kijana, na katikati imesimama baiskeli ya buluu bila nguo, imevimba. Nilitambua buluu yangu kabla sijakaa.

Katekista Filbert alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. "Mama Skola, wewe huna undugu na upande wowote. Mimi baiskeli siyo shida yangu. Nimetembea kwa miguu maisha yangu yote. Shida yangu ni hii. Kama kijana ananidanganya kwenye baiskeli, kesho atamdanganya binti yangu kwenye nini? Tuambie kweli. Hii ni mpya, au ni ya zamani iliyopakwa?"

Devota alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ncha ya kitenge. Hakunitazama mimi. Alimtazama Onesmo, na Onesmo alitazama viatu vyake.

Nilitoa pini. Nikatoboa lengelenge kubwa lililo karibu na bawaba. Likatoka tone la maji. Watu wakasogea. Nikakwangua kidogo kwa ukucha, ukaanguka unga wa kijivu kiganjani mwangu, nikauinua puani kama ninavyofanya siku zote.

Ukanukia mtoto aliyetoka kuoga.

Hakuna fundi mwingine duniani aliyetia poda ile kwenye puti. Nilisimama pale na kiganja changu kimejaa ushahidi, na watu wote wanasubiri, na sitawapamba, kilichonijia kwanza hakikuwa Devota wala Onesmo. Nilijiwazia mimi. Nilifikiria jina langu likitamkwa kwa kicheko pale stendi. Nikafunga kiganja, nikaufuta ule unga kwenye kitenge changu.

"Leteni kitambaa cheupe," nikasema.

Nikatoa chupa ya tina. Nikawaeleza kipimo kama nilivyowaeleza ninyi, kwa sauti ya mtaalamu, hatua kwa hatua, wakatikisa vichwa. Kisha nikainama, nikapita bomba la katikati kama silioni, nikaenda kusugua kwenye uma. Uma nilikuwa sijaupaka. Uma ulikuwa na rangi ya kiwandani. Nikahesabu hadi thelathini kwa sauti, na wengine wakahesabu pamoja nami, nikainua kitambaa.

Kilikuwa cheupe kama cha altare.

"Rangi ya kiwandani," nikasema. "Kijana hakudanganya."

Upande wa Onesmo walipiga vigelegele. Katekista hakusogea. "Basi haya malengelenge yametoka wapi?"

"Nailoni, Katekista. Ulifungia maji ndani. Chuma kikikosa hewa masika yote, kinavimba."

Nailoni kweli ilikuwa na sehemu yake. Lakini rangi ya kiwandani ingevumilia masika ya mwaka mmoja bila kelele. Iliyoshindwa ilikuwa yangu, juu ya grisi yangu na poda ya mjukuu wangu.

"Kwa hiyo kosa ni langu," akasema Katekista.

"Ni la nailoni."

"Nailoni haikujifunga yenyewe, mama."

Mnajua alifanya nini? Nilidhani atabisha. Wazee wengi wangebisha mpaka jua lizame. Yeye alivua kofia. Akavuka uwanja ule kutoka benchi lake hadi benchi la kijana, mzee wa watu, mbele ya kaka zake na watoto wake na majirani waliokuwa wanachungulia migombani. Akashika mkono wa Onesmo kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nilikuita mwongo. Ujinga ulikuwa wangu. Unisamehe."

Onesmo akalia. Devota akalia. Katekista akaagiza mbuzi achinjwe, ndiyo faini ya mkwe aliyemsingizia mkwe, na mimi kwa kuwa ndimi niliyeleta ukweli nilipewa ini. Nikalila. Lilikuwa limechomwa vizuri.

Harusi ilifanyika. Baiskeli niliichukua, nikasema nitaitengeneza bure, na watu wakanisifu kwa ukarimu. Niliivua yote mpaka chuma kitupu. Nilifungua bawaba, nikaiosha kwa petroli, nikafuta kila tone la grisi. Nilisubiri kiangazi kishike. Nikapaka praima koti mbili, nikasugua na msasa wa maji katikati, nikapaka buluu koti tatu nyembamba, na bawaba nikaizungushia tepu ya karatasi ili rangi isiingie pale chuma kinapokunjwa ikaja kupasuka. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na mpaka leo haijatoa lengelenge hata moja. Kama mnataka mfano wa kazi safi, ombeni mkaione. Imetundikwa ukutani kwa Katekista, bila nailoni.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Hapana. Katekista Filbert ni mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akishakosa hutaka wengine wafaidike na kosa lake. Alianza kuisimulia kwenye mafundisho. Padre asipokuwepo, yeye ndiye anayeongoza ibada, na ikifika sehemu ya kiburi au hukumu za haraka, anaitoa baiskeli. Anaigiza alivyokuwa anaifunga kwa tyubu. Anaigiza uso wake alipomwita Onesmo mwongo. Anaigiza hata mimi, ninavyoinua kitambaa. Watu wanavunjika mbavu. Alizunguka nayo vigango vyote, na kila alikopita watu walirudi nyumbani wakavua makochi yao nguo. Uongo wangu umeokoa samani nyingi Ngara kuliko mafundi wote wa fenicha.

Akimaliza husema, "Tumshukuru Mungu kwa Mama Skola, aliyeniambia kweli usoni."

Na mimi nilishahamia Kasulo, nimestaafu, nakaa benchi la tatu upande wa wanawake. Watu hugeuka kunitazama. Nami huinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, kisha hucheka pamoja nao. Miaka yote hii nimemcheka mzee wa watu kwa kosa langu, kanisani.

Nimewacheka wengi katika kazi hii, wajukuu, na nimewacheka ninyi tangu mwanzo wa daftari hili. Mwenye duka nilimwona mwizi, Katekista nikamwona mshamba wa nailoni. Lakini mwenye duka alimdanganya Onesmo kwa maneno tu, na kila mtu anajua maneno ya dukani. Mimi nilitumia kipimo cha Mzee Nestori. Nilichukua kitu kimoja ambacho watu hawa waliniamini nacho, nikakipeleka kwenye uma kwa makusudi. Naona aibu. Naiandika hivyo kwa sababu sijui neno lingine.

Sasa nina neno na Devota, kwa sababu mwandiko wangu hakuna mwingine anayeweza kuusoma, na ni yeye atakayelichapa daftari hili kwenye kibanda chake cha kopi pale stendi kabla halijaenda chuoni.

Devota mwanangu, najua umefika hapa na mikono imesimama. Mume wako hakunidai chochote na hatanidai, namjua. Lakini baba yako macho yake hayasomi tena, na mimi nimemwendea mara nne, mara zote nikaishia kuzungumzia mvua. Usichape zaidi. Funga kibanda, panda gari uje Kasulo, ukae naye umsomee yote kwa sauti, na pale kwenye uma usiharakishe. Mimi nitakuwa nyumbani. Akitaka kunitukana aje, akitaka kunyamaza anyamaze. Akisema lisichapwe, lichome, nami Jumapili nitasimama mwenyewe niseme mbele ya watu. Akisema lichapwe, lichape lote, usinitengenezee hata sentensi moja.

Wajukuu, kama mmefika mstari huu, mjue Katekista ameruhusu.